Nilimfutisha Furaha ukurasa ambao mimi mwenyewe sikuuelewa

Wakuu, amani kwenu. Sijaongeza chumvi hapa, na wala sisimulii kwa fahari.

Miaka ya vita nilikuwa assistant wa hesabu, yaani msaidizi wa profesa, kwenye chuo kimoja huko Masisi. Profesa alikwama mjini, kwa hiyo kazi ya kumfuatilia Furaha, binti wa wakulima wa Ntoto, ikaniangukia mimi. Mémoire yake, kazi ya kuhitimu, ilihusu fonctions plurisousharmoniques.

Msikimbie, ni rahisi: una umbo, na kila pointi yake unaipa namba. Kipimo ni hiki: thamani ya katikati isizidi wastani wa zinazoizunguka, wala isianguke ghafla chini ya jirani zake. Kwenye sehemu laini kila kitu kinaenda vizuri. Kazi iko pale ambapo umbo linajikata.

Furaha aliandika ukurasa mzima juu ya pointi hizo. Akaniambia, "Assistant, pale mistari inakutana njo kuko shida. Naomba hii page ibakie."

Niliusoma mara tatu, sikuelewa kitu. Badala ya kusema hivyo, nikapiga mstari mwekundu. "Iko napoteza wakati. Utoe."

Kwetu bila sahihi ya assistant huwezi kuwasilisha mémoire. Akautoa.

Siku ya kutetea, mzee mmoja wa jury, jopo la watahini, akachora mistari miwili inayokatana. Huu wote sifuri, ule wote moja. Je, pale zinapokutana utaweka ngapi?

Ukiweka moja, inazidi jirani zake wa sifuri. Ukiweka sifuri, inaanguka chini ya jirani zake wa moja. Théorème ya Furaha, kwamba kinachofaa sehemu laini kinafaa umbo zima, ikafa pale pale ubaoni.

Jibu lilikuwa kwenye ule ukurasa: kagua kila mstari peke yake, hadi kwenye pointi yenyewe.

Furaha alinitazama mara moja tu. Mwanafunzi wa kwetu hampingi assistant wake mbele ya jury, na mimi nilijua hivyo. Nikainama kama ninayetafuta kalamu. Kalamu ilikuwa mkononi.

Wakamwambia arudi session ya pili. Akaenda kwao Ntoto kujiandaa, mapigano yakafunga barabara, session ikapita. Diplôme hakupata.

Miaka baadaye nilimkuta Furaha kule kijijini Shasha, anafundisha watoto wa wakimbizi kujumlisha. Alinipa kiti chake, yeye akasimama. Nikakiri yote.

"Nilijua haukuelewa, Assistant," akasema. "Njo maana sikusema kitu. Sikupenda upate haya mbele ya batu."

Wakuu, hilo lilinichoma kuliko tusi lolote.

Nilichojifunza: kama hujui, sema hujui, hasa ukiwa wewe ndiye unayeshika kalamu nyekundu. Ni neno moja tu, na mimi lilinishinda.

Waliofanyiwa hivi na walimu wao, semeni hapa chini. Mkitaka kunitukana, tukaneni. Sitajitetea, siku ya kuongea nilikuwa chini ya meza natafuta kalamu.