Sambaza za Mama Kwenye Bakuli la Rameni

Mgahawa wetu una viti sita. Nasema "wetu" kwa sauti kubwa, maana kuna watu hapa Kamembe waliosema hautamaliza miezi mitatu. Sasa ni mwaka wa nne, na baadhi yao nawahudumia kwa mikono yangu hii hii, tena nikitabasamu. Viti vyote vimepangwa mbele ya kaunta moja ya mbao, na nyuma ya kaunta, hatua mbili tu, yuko mume wangu na sufuria zake. Anapika chakula cha Kijapani. Alijifunza Kigali, kwenye mgahawa alikoanza kwa kuosha vyombo akaishia jikoni, na aliporudi nyumbani alikuja na visu viwili na kichwa kigumu.

Sushi yake ni ya hapa hapa. Wali ni wa mchele wa Bugarama, ndani anatia parachichi, yai na samaki wa kukaushwa kwa moshi, kwa kuwa samaki mbichi hatuthubutu kumpa mtu. Yale majani meusi ya baharini ya kufungia ndiyo yanayotoka mbali, huja kwa basi. Lakini wateja wetu wengi hawafuati sushi. Wanafuata rameni, yaani tambi ndefu ndani ya supu ya moto, na supu yenyewe inatokana na sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, vilivyokaushwa juani. Wajapani nao huchemsha visamaki vikavu kupata supu. Mume wangu anasema siku alipofundishwa jambo hilo alicheka peke yake jikoni, akamkumbuka mama mkwe wake.

Mama yangu huuza sambaza. Aliuza Bukavu, ng'ambo ya mpaka, tulipokuwa tukikaa kule na kukiokota Kiswahili cha kule tunachoongea hadi leo, akauza sokoni Kamembe tuliporudi, na hata leo akishuka kutoka kwake Mururu, mlimani, na beseni lake, wenzake humpisha. Sambaza zake hazina mchanga, hazivunjiki, hazinuki. Tangu siku ya kwanza yeye ndiye anayetuletea. Alikuwa akizifikisha mlangoni, ananikabidhi, anageuka kwenda zake. Kwa miaka miwili hakuingia ndani hata mara moja.

Kwetu, mama mkwe na mkwe hawaonani wakila. Vijana wengi wameshaliacha hilo, wanakaa meza moja na wakwe zao wanashindania mchuzi. Mama hajaliacha. Kwenye harusi yangu, ukumbi mzima ukila, alisema tumbo linamuuma, akanywa Fanta yake ameugeukia ukuta. Hata kuzungumza na mume wangu hupitia kwangu, ingawa mwenyewe amesimama pale pale na anasikia kila neno. Sasa mtu wa namna hiyo umkalishe kwenye kaunta, mpishi yuko hatua mbili mbele ya mdomo wake!

Nilijaribu ujanja. Nilimpelekea rameni nyumbani kwenye termosi, nikapanda nayo mlima mzima, na nilipofika tambi zilikuwa zimevimba na kunywa supu yote. Mama alinishukuru sana. Kesho yake jirani akanipasha habari kwamba kuku wa mama walifanya sikukuu.

Nilikasirika, sifichi. Kilichoniuma hakikuwa zile tambi. Kila nilipotoka kwa mama, mume wangu aliuliza swali moja: "Maman alisema nini?" Watu wa Kigali walimsifu, wageni wanaovuka kwenda Bukavu walimsifu, lakini yeye alikuwa anangoja neno la mtu mmoja, mwenye sambaza, na huyo hajaonja. Sokoni nako walimchokoza mama: "Mukwe yako analisha bantu samaki mubichi sawa paka!" Mama, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu nimjue, aliendelea kupima sambaza zake. Angemtetea vipi mtu ambaye chakula chake hajawahi kukionja?

Kisha ikaja mvua ya mwaka jana, ile isiyokatika, na supu yetu ikawa chungu. Haukuwa uchungu wa kitu kilichooza, ulikuwa ule unaokuja mwishoni, nyuma ya ulimi. Mume wangu alimwaga sufuria nzima akaanza upya. Alibadilisha maji, akang'oa vichwa vya sambaza kimoja kimoja, akapunguza moto. Uchungu uko pale pale. Wateja walianza kuacha supu kwenye mabakuli, na mtu anayeacha supu harudi. Mume wangu alijua kilichobaki ni sambaza zenyewe, lakini kumlaumu mama mkwe hawezi, heri afunge mlango. Basi nikasema mimi, siku mama aliponiletea mzigo mwingine.

"Maman, supu inakuwaka chungu. Pengine ni sambaza."

Aliweka beseni chini taratibu. Mama ana hasira zangu, au niseme mimi nina zake.

"Sambaza yangu?"

"Sijue, Maman."

"Ninauzishaka sambaza mbele weye uzaliwe. Hakuna hata muntu moya alishaniambia iko chungu. Lete hiyo supu nionje."

"Nikuletee hapa inje?"

"Nikule mu njia? Miye, mama muzima?"

Kwetu mtu mzima kula barabarani ni aibu isiyofutika, na barabara ilikuwa imejaa watu wa soko waliomfahamu. Aliitazama barabara. Akautazama mlango. Jina lake lilikuwa ndani ya ile sufuria, na hakuna mtu mwingine wa kulisemea. Akajifunga kitenge upya, akaingia.

Ndani walikuwamo walimu wawili wakingoja tambi zao. Mama alikaa kwenye kiti cha mwisho, kando ya mlango, macho chini. Mume wangu alipomwona, upawa ulibaki hewani. Kisha akaandaa bakuli, polepole kuliko siku zote, akanipa mimi, nami nikampelekea mama. Halafu mume wangu akafanya jambo ambalo sikumtuma. Aligeuka akatupa mgongo, uso kwenye ukuta wenye kalenda, mikono nyuma. Jiko letu halina chumba cha kujificha, akajificha hivyo. Maji ya tambi yakaanza kufurika. Mwalimu mmoja akafungua mdomo aseme, nikamkata jicho, akaufunga.

Mama alilishika bakuli kwa mikono miwili, akaliinua hadi likaufunika uso wake wote. Nikasikia funda moja. Funda la pili. Nilikuwa nakikamua kitambaa cha kaunta kilicho kikavu. Kosa likiwa la mume wangu, mama hatarudi tena, maana tutakuwa tumemsingizia. Likiwa la mama, sikujua atalibebaje.

Bakuli likashuka.

"Ambia mukwe," alisema, "hii ni moshi. Mvua ilininyima jua. Nilikausha ingine ku moto, nikachanganya. Kosa iko yangu."

Sijawahi kumsikia mama akisema hivyo, si kwa Kiswahili, si kwa Kinyarwanda, si kwa Kimashi cha kule Bukavu. Sijawahi kujivunia kuzaliwa naye kama dakika ile. Nikaugeukia mgongo wa mume wangu.

"Maman anasema..."

"Nimesikia," akauambia ukuta. "Umuambie bila sambaza yake sina restora."

Nilidhani mama ataondoka. Alichukua uma, akaanza kula. Alikula tambi, akala yai, akala vitunguu, bila haraka. Walimu hawakuuliza tena habari ya tambi zao, na zilikuwa zimeshakuwa uji.

"Maman, iache, iko chungu."

"Uchungu ni yangu. Chini yake minasikia mukono ya mukwe." Akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge. "Ambia mukwe ageuke."

Nilifikiri nimesikia vibaya. "Maman?"

"Muntu akipika, aone bantu banakula. Ageuke."

Mume wangu aligeuka mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Macho yake yalikuwa yamelowa, na asinidanganye mtu kuwa ni mvuke. Mama alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu anioe. Akainua bakuli, safari hii bila kuufunika uso, akainywa ile supu chungu mpaka tone la mwisho.

Akasimama, akalinyoosha bakuli tupu. Mimi nilikuwa nimeshasogea katikati yao, mikono tayari, kama nilivyozoea. Mama akaupitisha mkono wake juu ya mikono yangu, akampa mkwe wake.