Oili Iliyogeuka Nyeupe

Majina yao wote ninayo, na ya baba zao pia. Siyaandiki kwa sababu wajukuu wao wanakaa dawati moja na wajukuu wangu. Lakini walichofanya nitakiandika, hata kama mkono wangu ni mzito, maana shule nilikwenda miaka miwili tu.

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wazungu ilipopigana na wapiganaji wa msituni, ilitufungia kwenye kijiji kimoja karibu na Gatitu, kimezungushiwa handaki, na handaki lenyewe tulichimba sisi wanawake. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la serikali. Alileta seng'enge kutoka Murang'a, na kando yake ndani ya gari alikaa hedimani wetu, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, kiboko kimelala mapajani.

Siku hiyo lori lilipanda mlima likitoa mvuke mbele kama sufuria ya githeri inayochemka. Mume wangu alikuwa amemwomba hedimani mara mbili njiani wasimame injini ipoe. Alikataliwa. Hedimani alitaka kufika mapema aonekane mtu wa kazi. Lori likazima lenyewe mbele yetu, pale pale tulipokuwa tukichimba.

Hedimani akaruka chini. "Nyinyi, leteni maji!"

"Ngoja kidogo, Mzee," mume wangu akasema. "Injini iko moto sana. Ukitia maji baridi sasa itapasuka. Nipe nusu saa."

"Nusu saa ya nini? Ya kungoja wenzako watoke msituni?"

Homugadi, walinzi wake wa kijiji, wakacheka. Mimi nilikuwa nimetoka mtoni na debe mgongoni, nikawa wa kwanza. Mto wetu unatoka kwenye barafu ya mlima, hata adhuhuri maji yake yanauma meno. Mume wangu aliniangalia akatikisa kichwa. Hedimani akainua kiboko. Nikayamwaga kwenye rejeta. Ndani ya injini kitu kikalia kama chungu kinachopasuka motoni, na mume wangu akafunga macho.

Asubuhi yake, Jumatano, alikuja fundi wa magari, mtu wa upande wa magharibi, rafiki ya mume wangu. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, na oili haikuwa nyeusi. Ilikuwa nyeupe nyeupe, nzito, kama chai iliyozidi maziwa.

"Maji yameingia kwenye oili," fundi akasema.

"Yameingia na miguu?" hedimani akauliza. "Yametiwa. Na anayetia maji kwenye oili ya serikali ni mtu aliyekula kiapo cha watu wa msituni."

Kabla ya saa sita mume wangu alikuwa amefungwa kwenye posti ya homugadi. Jumamosi angekuja D.O., mzungu wa tarafa, atie sahihi apelekwe kizuizini.

Nilimfuata fundi nikajifanya nampa maji ya kunawa. Nikamwuliza kama ni kweli.

"Shemeji, hii si kazi ya mkono. Ni ule moto. Kuna gasketi katikati ya injini na kichwa chake, inazuia maji na oili visikutane. Hiyo imeungua, ama kichwa kimepasuka."

"Utawaonyeshaje?"

"Hiyo ni rahisi. Tunamwaga oili hii, tunaosha, tunatia mpya. Kama ni mtu alitia maji, oili itabaki safi. Kama maji yanaingia yenyewe, itakuwa nyeupe tena."

Hedimani alikubali haraka, alitaka lori litembee. Oili mpya aliimimina yeye mwenyewe, asimwamini mtu, na usiku homugadi mmoja akalala chini ya lori kulilinda. Ijumaa dereva mwingine akaliendesha hadi Nyeri mjini na kurudi. Jioni fundi akachomoa kijiti. Chai ya maziwa. Mume wangu alikuwa siku ya tatu nyuma ya kufuli.

"Mzee, unaona?" fundi akasema. "Dereva hana makosa."

"Wewe ni mtu wa kuja," hedimani akamjibu. "Umekuja kutengeneza magari, tengeneza magari."

Jumamosi nilitoka kwenye mstari wa kuchimba na jembe mkononi nikasimama mbele ya D.O. Kiswahili nilikuwa nimefundishwa na mume wangu. "Bwana, mtu aliyefungwa Jumatano anatiaje maji kwenye oili ya Ijumaa?"

D.O. akamgeukia fundi. Fundi akaangalia viatu vyake. "Sijafungua injini bado, bwana. Siwezi kusema."

Jana yake alisema. Mbele ya watu.

Hedimani akaninyooshea kiboko. "Na huyu ndiye aliyemwaga maji, bwana. Bibi na bwana, kazi yao ni moja."

D.O. akatia sahihi juu ya boneti ya lori lile lile. Mume wangu akaondoka siku hiyo, amefungwa mikono, ndani ya gari lingine.

Jumatatu fundi akafungua injini. Jioni akaja nyuma ya nyumba yangu na gasketi imefungwa kwenye gazeti. Ilikuwa imeliwa na moto upande mmoja, tundu la kupitisha kidole.

"Shemeji, ulisema kweli."

"Hiyo nilijua Jumamosi. Mpelekee D.O."

"Niko na watoto, shemeji."

"Na hawa wangu ni kuku?"

Akaiweka juu ya jiwe akaenda. Nikasema basi nitaipeleka mwenyewe. Lakini kutoka kijijini ni kwa kibali, na kibali kiliandikwa na hedimani. Nikaenda kwake. Akaniuliza nakwenda mjini kufanya nini, na mimi, mjinga, nikamwambia ukweli na kumwonyesha. Akaichukua, akaikunja kwa goti mara mbili, akaitupa kwenye handaki. "Rudi kazini," akasema. Lori lilikuwa limetiwa gasketi mpya, linatembea.

Mume wangu alirudi baada ya miaka mitatu, mkono wa kulia haufungi tena. Gari hakuendesha tena. Na si hedimani, si fundi, si mtu yeyote wa serikali aliyekuja kumwambia kwamba makosa hayakuwa yake.