Kengele ya Maganda ya Alizeti

Ti-ti-ti. Ti-ti-ti. Mpaka leo simu ya mtu ikilia hivyo, moyo unaniruka.

Dada mmoja, mtafiti wa kemia, alikuwa amepanga chumba kwa bibi yangu pale Sepuka. Mimi niliishia darasa la saba, akanipa kazi ya kutwanga maganda ya alizeti yaliyochomwa ndani ya kopo lililofungwa yasipate hewa. Unga ule mweusi aliuchanganya na dawa zake, akaupaka kwenye vipande vya kioo vya vifaa vyake vya kengele. Hewa mbaya ya mkaa, ile inayoua bila harufu, ikikigusa kioo, kifaa kinalia. Mimi nilishaota kila nyumba ya Singida inacho, na maganda nimetwanga mimi!

Tulitundika vifaa viwili: kimoja jikoni, kingine chumbani kwa bibi, ambako hakuingii moto, tuone kama kitanyamaza. Lakini cha chumbani kilikuwa kinalia ovyo hata kwa mvuke wa maji ya kuoga. Mchana mmoja wa Julai, upepo unakata masikio, kikalia tena. Cha jikoni kimya.

"Kimenidanganya tena," dada akasema, uso umemshuka. "Usifungue mlango wa bibi, mdogo wangu, nisome vipimo kwanza."

Nikachungulia jikoni. Jiko la mkaa halipo.

"Dada! Bibi kalala na jiko!"

"Si limezimika? Nimeona majivu matupu."

Majivu! Kwetu makaa hufukiwa kwa majivu yakae mpaka jioni. Juu unaona kijivu, chini moto mzima.

Nikagonga. "Bibi!" Ti-ti-ti. Nikausukuma mlango kwa bega. Bibi alikuwa ameelekea ukutani, mkono wake mzito kama si wake. Tukamburuta na mkeka wake hadi uani.

"Shikamoo, bibi! Shikamoo!" Nilipiga kelele hivyo kwa sababu hajawahi kuiacha shikamoo yangu bila jibu.

Nikarudia, nikarudia, machozi yananiingia mdomoni.

"Marahaba," sauti ikatoka mbali. Kisha, "Mbona mmenileta nje kwenye baridi? Mnataka kuniua?"

Dada akacheka huku analia, akaita bodaboda, akampakia bibi katikati yake na dereva, akamkumbatia mpaka zahanati.

Nilibaki peke yangu. Jiko nililitoa nje, lakini kifaa cha chumbani bado kililia. Ndipo nikaona khanga kuukuu aliyoisokomeza bibi dirishani kuzuia upepo. Nikaichomoa, nikasimama pale nimeikumbatia mpaka kifaa kikanyamaza.