Harufu Iliyobaki Alipoacha Bangi

Mume wangu alianza kuvuta bangi Kasulu, alipokuwa akipasua mbao. Wenzake walimwambia inaondoa uchovu wa msumeno. Aliporudi kwetu Murungu alirudi nayo. Sikumwona akivuta hata mara moja, maana alikuwa akienda nyuma ya migomba, lakini harufu iliingia ndani kabla yake. Ilikaa kwenye koti, kwenye nywele, kwenye mto, na mwishowe kwenye vitenge vyangu. Chumba chetu kina dirisha moja la ubao, na wakati wa mvua hatulifungui.

Nilikuwa naimba kwaya. Mwenzangu wa benchi, mama mmoja mcheshi, siku moja alininusa begani akasema, "Mama, kwenu mnapikia kuni za wapi? Na sisi tuelekeze." Wenzetu walicheka, nami nikacheka. Baada ya hapo nilikaa mwisho wa benchi, kisha nikaacha kwaya nikisema kifua kinanisumbua. Huo ulikuwa uongo.

Nilimwambia mume wangu aache bangi, na kwamba mpaka harufu itakapokwisha mwilini mwake atalala jikoni. Jiko letu ni kibanda cha peke yake, hatua chache kutoka mlangoni. Hakubishana. Alichukua mkeka na blanketi.

"Nimeacha leo," alisema. "Utaona mwenyewe."

Sisi Waha hatusalimiani kwa mbali. Asubuhi mnashikana mikono juu ya viwiko, mnakaribiana, mnaulizana mlivyolala, habari za nyumba na za shamba, na hakuna anayeharakisha. Mimi nikaigeuza salamu hiyo kuwa ukaguzi. Kila asubuhi alitoka jikoni, tukashikana, akasema "mwakeye", na mimi nikiitikia nilikuwa navuta pumzi shingoni mwake. Alijua ninachofanya. Alikuwa akiinua kidevu kidogo ili nipate nafasi.

Wiki za mwanzo harufu ilipungua. Alifua koti, akanyoa nywele. Nilikaribia kumwambia arudi ndani. Kisha ikarudi. Nikisema kweli, haikuwa ile ile. Ilikuwa kali zaidi, kama nguo iliyokaukiwa na mkojo, hasa alipofungua mdomo. Lakini kwa miaka mingi harufu ya mume wangu ilikuwa na jina moja tu kichwani mwangu, na sikutafuta jingine.

"Umevuta," nilimwambia.

"Sijavuta."

"Basi imeingia kwenye damu."

Mama yake, ambaye anaishi nasi, alisema hivyo hivyo. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi, na bangi yeye huiita urumogi. Alisema urumogi ukizoea mwili wa mtu hautoki kwa sabuni, hutoka kwa jasho. Tukaanza kumfukiza. Tulichemsha majani ya mkaratusi, tukamkalisha juu ya sufuria, tukamfunika blanketi mpaka akalowa. Alikubali kila mara. Akitoka humo alikaa chini ukutani, na asubuhi niliponusa, harufu ilikuwa palepale.

Miguu yake ikavimba. Akawa anajikuna mpaka ngozi inachubuka, na ugali wa muhogo akawa anausukuma pembeni. Tulisema wavutaji ndivyo wanavyoisha. Alipokuwa shambani nilipekua kibanda, nikainua mkeka, nikapitisha mkono kwenye nyasi za paa. Sikukuta kitu. Badala ya kumwamini, nilisema moyoni kwamba anajua kuficha.

Alikuwa ametimiza miezi mitatu jikoni alipoanguka bombani. Tulimpeleka hospitali Kibondo. Daktari alimwinamia mdomoni, akaniuliza pumzi yake inanuka hivi tangu lini. Nilijibu ni miaka, ni mvuta bangi, ingawa anasema ameacha. Alinieleza taratibu, bila kunigombeza. Moshi wa bangi hushika nguo, nywele na pumzi, na anayevuta kila siku huonekana kama harufu haimtoki. Kama jasho lenyewe linaibeba, alisema hana uhakika.

"Lakini mtu akiacha, akaoga na kufua, haikai miezi mitatu," alisema. "Hii unayoinusa ni figo zimeshindwa kazi, mama."

Nilirudi kitandani kwake ili nimwambie kwamba nimeamini. Alikuwa hatambui mtu tena. Alifariki siku ya pili yake.

Msibani watu walisema bangi imemmaliza. Mhubiri aliwaonya vijana kwa kumtaja yeye. Nilikuwa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, nikapokea pole. Ili niseme kwamba alikuwa ameacha, ningelazimika kusema alikuwa akilala wapi, na kwa amri ya nani. Siku ya kuondoa tanga nilipewa nafasi ya kuzungumza. Nilisema asanteni kwa kuja.

Tumebaki wawili ndani, mimi na mama yake. Mwezi uliopita tulikuwa tunamenya muhogo, akaniuliza bila kunitazama, "Mwanangu aliacha, au hakuacha?"

"Aliacha, mama. Tangu siku ile aliyochukua mkeka."

"Ulijua lini?"

"Hospitali."

Alimaliza muhogo ulio mkononi, akachukua mwingine, akaumaliza na huo. Kisha akasema, "Kijiji kizima kinajua mwanangu amekufa mvuta bangi. Utawaambia wewe. Mimi sina mdomo wa kusimama niseme nilikuwa namfukiza."

Nilisema nitawaambia.

Kanisani kwetu, kabla ya baraka, huulizwa kama kuna mtu mwenye neno. Anayetaka hunyoosha mkono, husimama. Tangu siku ile ya muhogo wameuliza Jumapili tatu. Mama huketi kando yangu, na wakiuliza huutazama mkono wangu, ulivyolala pale magotini, mpaka tunapoambiwa tusimame kwa sala.