Ndege ya Boksi na Neno Oya

Mnicheke taratibu, maana kosa hili bado linaniuma.

Nilikuwa mwalimu kutoka Tanga, nimeletwa Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, kukaa na watoto wa wakimbizi kutoka Burundi wakati wakisubiri meli ya kwenda Kigoma. Walikuwa kimya, hata pipi hazikuwafungua midomo. Basi nikawaundia ndege ya boksi, ya kurusha kwa mkono. Mara ya kwanza iliinua pua, ikasita, ikaangukia mkia. Nikabandika udongo kidogo puani, nikairusha tena kwa upole. Ikateleza hewani hadi mapajani mwa Nadine, binti wa miaka sita. Akacheka! Wenzake wakasogea.

Sifa zikanipanda kichwani. Nikaichukua, nikageukia ziwa, nikainua mkono.

"Oya!" wakapiga kelele.

Kwetu vijana wakikuambia oya, wanakuchangamsha. Nikarudi nyuma hatua tatu nipate kasi.

"Oya! Oya!" Nadine akaning'ang'ania shati. Nikajisemea, leo nimepata mashabiki! Nikairusha kwa nguvu zangu zote.

Ilipaa kuliko nilivyoota. Ikapita mitumbwi, ikawa nukta, ikatua majini mbali, ikalowa, ikazama. Nikageuka nipokee makofi. Watoto walikuwa wamenyamaza tena, na Nadine machozi yanamtiririka.

Bibi yake akanisogelea, akanishusha mkono niliokuwa bado nimeuinua.

"Pole, mwalimu," akasema. "Kwetu, oya ni hapana."