Oveni ya Kushoto

Mume wangu ni mwalimu wa hisabati, kwa hivyo mipango ya vita ilikuwa yake. "Tukifika mnadani tusijuane," aliniambia tukiwa bado nyumbani, Nyamira. "Wakiona mke na mume wamekuja pamoja, watajua tunaitaka kweli. Wewe simama mbele. Mimi nitakaa nyuma niwasome watu."

Tulikuwa tunakwenda Kisii kununua oveni. Bekari moja ya pale mjini ilikuwa imefilisika, na tangazo la dalali lilikuwa limebandikwa hadi kwenye mlango wa kinyozi wetu: oveni mbili, mashine ya kukanda unga, rafu, trei, kila kitu. Mimi wakati huo nilikuwa naoka mikate kwa sufuria na makaa, mikate kumi kwa siku nikibahatika, na wenzangu kanisani walikuwa wameanza kuniuliza, kwa upole kabisa, kama ile harufu ya moshi nilikuwa nimeitia kwa makusudi.

Mlangoni mwa bekari alisimama mzee mmoja mrefu, amevaa tai na koti lililopigwa pasi. Alitusalimu mmoja mmoja kwa mikono miwili. "Bwakire buya. Karibuni, karibuni, ndani kuna nafasi." Nilidhani ni mtu wa dalali. Mama mmoja akaninong'oneza kwamba huyo ndiye mwenye bekari, yaani aliyekuwa mwenyewe. Alikuwa anawapokea watu waliokuja kubeba vitu vyake kama baba anayemwoza binti. Sikujua niangalie wapi. Niliangalia trei.

Dalali alikuwa mtu wa haraka. Trei zilikwenda, mashine ya kukanda ikaenda. Rafu za mikate zilichukuliwa na mchongaji wa mawe kutoka Tabaka, aliyetutangazia kwamba viboko wake wa mawe wamechoka kulala chini. Kisha ikaja oveni niliyoitaka, ile ndogo ya kushoto.

"Inauzwa ilivyo na ilipo," dalali akasema. "Nani ana elfu thelathini?"

Nikainua mkono. Hakuna mwingine aliyeinua. Moyo ukaanza kunicheza kwa furaha.

"Thelathini na mbili!" ikasema sauti kutoka nyuma ya nguzo.

Nikasema thelathini na tano.

"Arobaini!" Sauti ilikuwa na raha, kama ya mtu aliyeshiba. Nikaitambua. Ni sauti ambayo kwa miaka kumi na tisa imekuwa ikiniuliza chumvi iko wapi.

"Baba watoto!" nikapiga kelele. "Ni mimi!"

Bekari nzima ikaangua kicheko. Dalali hakucheka. "Arobaini, kwa yule mzee wa nguzo. Mama, unaongeza?"

"Siongezi! Tunalala nyumba moja!"

Nyundo ikagonga. Baadaye mwalimu alijitetea kwamba vichwa vya watu vilimziba, hakuniona. "Nilisikia tu kuna mwanamke anaitaka sana," akasema, "nikajua hiyo lazima ni nzuri."

Tulipokuwa tunaipakia kwenye pikapu, yule mzee wa tai alikuja akashika pembe moja na kusukuma pamoja nasi. "Mmechukua ya kushoto," akaniambia. "Ina tabia zake, mama. Ikikusumbua, unitafute." Nilimshukuru haraka haraka. Nilidhani ni uchungu unaosema, na hata namba yake ya simu sikuichukua.

Oveni ilikataa. Moto ulikuwa unawaka vizuri, ukifunga mlango unazimika. Fundi alikuja, akatikisa kichwa, akalipwa kwa kutikisa. Mwalimu alichora jedwali: mara ngapi imewaka, mara ngapi imezimika. Jedwali lilikuwa safi sana. Siku ya nne nilivaa nguo ya kanisani nikarudi Kisii, nikaulizia kwa akina mama wanaouza ndizi karibu na ile bekari mpaka nikaonyeshwa nyumba.

Mzee alitoka amevaa kandambili. Njia nzima nilikuwa nimejifunza maneno mazuri ya kuomba msaada, yote yakanitoka.

"Mzee, imekataa."

Alicheka mpaka akatafuta kiti. "Siku ngapi?"

"Tatu nzima."

"Mimi nilikuwa nimekupa mbili."

Alikuja nami siku hiyo hiyo. Alifungua gesi, akawasha, akashikilia kitufe huku akihesabu hadi ishirini kwa Ekegusii. Halafu akafunga mlango, akausukuma pembeni, chini kabisa, kwa goti lake. Moto ukabaki. Mwalimu akatazama jedwali lake, akalikunja.

"Mlango umepinda," mzee akasema. "Usipofunga kabisa, inajizima. Mimi natumia goti. Wewe ni mfupi, tumia nyonga. Lakini usiipige teke, ni mashine ya heshima."

Kisha akachuchumaa mbele ya kile kioo kidogo cha mlango na kuutazama moto. Alikaa hivyo muda mrefu. Niliona mgongo wake, nikaondoka kwenda nje kutafuta kuni ambazo sikuzihitaji.

Siku hizi anakuja kila Ijumaa asubuhi, kwa sababu watu wa Sabato wananunua mikate mingi siku hiyo. Mshahara tulioafikiana anaupokea, ila kunyamaza hakumo katika makubaliano. Anasema chumvi yangu ni nyingi na mkono wangu una haraka, na anawaambia hata wateja. Wapo wanaoniuliza mimi niliajiriwa lini.

Ijumaa ile ya kwanza alimpelekea mkewe mikate miwili niliyoikanda mimi mwenyewe. Jioni mama yule akanitumia ujumbe kwa simu: "Asante, mwanangu. Ni mizuri. Bado si ya mzee."

Juma lililofuata nilimsomea mzee ule ujumbe. Alifunga aproni yake vizuri zaidi, akanisogeza kando kwa kiwiko, akavuta beseni la unga.