Mikono ya Kiprugut

Watu wa Keringet husema Kiprugut alikuwa mlevi, na hiyo maneno inanichoma mpaka leo. Huyo mzee hakuonja pombe. Alikuwa mtu wa kanisa, dereva wa lori ya shamba ya mzungu, akibeba maua ya pareto mpaka Nakuru miaka mingi. Mikono ndiyo ilikuwa inatetemeka. Mwaka wa hamsini na sita mzungu akamwambia: ukiendelea kutetemeka hivyo kama mlevi, utatoka kwa shamba yangu na bibi na ng'ombe.

"Si mimi, bwana," Kiprugut akajibu. "Ni lori."

Na kweli, hiyo lori ilitingisha mtu mpaka meno. Raba za kushikilia injini zilikuwa zimekauka zikapasuka, chuma inagonga chuma. Akaipeleka Bondeni, huko Nakuru, kwa fundi Micah. Micah akakata tyubu ya gurudumu, akatengeneza vifuko, akajaza hewa, akaweka chini ya injini.

"Unalaza injini kwa mto kama mtoto?" Kiprugut akauliza.

"Mtoto akilala, na wewe utapumzika, mzee."

Mara ya kwanza hewa ilikuwa mingi. Kwa ile milima ya Keringet injini ikachemka, hewa ikavimba, mfuko moja ukapasuka. Kiprugut akarudi amekasirika. "Wewe ni fundi ya baiskeli." Micah akatengeneza ingine, tyubu mbili mbili, akajaza hewa kidogo tu.

Wakawasha. Injini ikanguruma pole. Micah akaweka kikombe ya chai juu ya madigadi, imejaa mpaka mdomo. Haikumwagika hata tone.

"Kunywa, mzee. Lori yako imepona."

Kiprugut akachukua kikombe. Kabla ifike mdomo, nusu ilikuwa kwa shati. Akashika na mikono mbili, ikazidi. Akairudisha juu ya lori, na chai iliyobaki ikatulia.

"Sasa hakuna wa kusingizia," akasema.

Micah akaokota spana. "Ngoja nirudishe raba za zamani, itingishe tena. Mzungu atajulia wapi?"

"Wacha. Mwenye atapewa hii lori baada yangu pia ni mtoto wa mtu."

Akaendesha polepole mpaka Keringet, yeye mwenyewe akampa mzungu ufunguo. Kesho yake, yeye na Chepngeno bibi yake wakatoa ng'ombe kwa shamba ya mzungu. Chepngeno ndiye alishika fimbo.